Dawa Zinaposhindwa na Homa: Funzo la Chanjo kutoka Sindh

Mzazi anapomuuguza mwanawe, tegemeo lake baada ya Mwenyezi Mungu huwa ni dawa. Hali huwaje basi dawa inapomezwa siku baada ya siku, na homa isishuke?

Mtihani huo uliwafika ndugu zetu wa jimbo la Sindh, Pakistani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2016. Katika mji wa Hyderabad ilizuka homa ya matumbo ambayo bakteria wake walikuwa sugu kwa makundi matano ya dawa, ikiwemo sindano ya seftriaksoni. Dawa ya kumeza iliyosalia kutegemewa ilikuwa azithromaisini. Zaidi ya hapo ni sindano za gharama kubwa za hospitalini.

Usugu haushuki ghafla. Kila tunapotumia dawa za kuua bakteria, walio dhaifu hufa, na wenye kuhimili hubaki wakazaana. Zaidi ya hayo, bakteria huazimana silaha: wale wa Sindh walipata sehemu ya usugu wao kutoka kwa bakteria wa jamii nyingine.

Hapo ndipo umuhimu wa chanjo ulipodhihirika. Chanjo ya zamani ilitumia sukari inayopatikana kwenye ganda la bakteria, lakini miili ya watoto wa chini ya miaka miwili haikuizingatia ipasavyo. Wataalamu wakaiunganisha sukari hiyo na protini ya chanjo ya pepopunda. Kwa muungano huo, hata mwili wa mtoto mdogo hujifunza kumtambua adui. Majaribio ya Nepal, Malawi na Bangladesh yalionesha kinga ya takribani asilimia 80, kwa sindano moja tu.

Novemba 2019, Pakistani ikawa nchi ya kwanza duniani kuiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida ya watoto, ikianzia Sindh. Hekima yake iko wazi: bakteria sugu naye huvaa ganda lile lile, na mtoto asiyeugua hahitaji dawa, hivyo usugu hukosa pa kukulia.

Jambo hili si la mbali nasi. Malawi iliianzisha chanjo hii mwaka 2023, na Kenya mwaka 2025. Kinga haijawa kamili, kwani maradhi haya hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa kwa kinyesi. Kwa hiyo tuchemshe maji ya kunywa, tunawe mikono kwa sabuni, tusinunue dawa hizi bila kupimwa, wala tusimgawie mgonjwa mwingine vidonge vilivyobaki. Na tunapowapeleka watoto kliniki, tuulize kuhusu chanjo hii.

Kumfunga ngamia hakupunguzi tawakkul. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuzitunza dawa tulizonazo ili nao wazikute zingali zinaponya.