Mwezi Hauna Wiki Nne

Kila muhula ukianza, wageni huniuliza swali lile lile: nitenge pauni ngapi za chakula kwa mwezi? Kabla sijajibu, acheni niwasimulie nilivyokaribia kuitwa mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ilikuwa Oktoba 2023, hapa Leeds. Tulikuwa watatu: mimi Mtanzania, Mkenya mmoja na Mganda mmoja. Tuliamua kupika chungu kimoja na mimi nikachaguliwa kuwa mweka hazina. Nikachukua risiti za wiki ya kwanza, jumla pauni 75, nikazidisha kwa nne, nikapata 300. Kila mtu akatoa 100, tukaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Hesabu safi kabisa, au ndivyo nilivyodhani.

Tarehe 25 kopo likawa tupu. Mkenya akalichungulia, akaniangalia, akauliza polepole: “Sasa bwana, hizi pesa zimeenda wapi?” Mganda hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Siku sita zilizobaki tulikula kila mtu kivyake, milango imefungwa. Mama alipopiga simu nikamwambia tumekula pilau.

Nilikaa na risiti usiku mzima nikitafuta nilichoiba. Kumbe kosa lilikuwa kwenye ile “mara nne”. Mwaka una wiki 52, siyo 48. Ukizidisha 75 kwa 52 unapata 3,900. Mimi, kwa mpango wangu wa 300 kwa mwezi, ningekusanya 3,600 tu. Zinapungua pauni 300, yaani mwezi mzima wa chakula! Kodi ya nyumba unailipa mara 12, lakini tumbo lina miezi 13 ya wiki nne nne. Kwa hiyo zidisha matumizi ya wiki kwa 52, kisha gawanya kwa 12. Kwetu ilitoka 325.

Kosa la pili lilikuwa gunia la mchele. Mwanzo wa mwezi ule nilinunua kilo 20 kwa pauni 30 kwenye duka la Wahindi, na likaonekana kama limemeza pesa. Hapo nikaazima mizani ya jikoni. Sisi watatu tunapika gramu 400 za mchele mkavu kwa usiku, siku tano kwa wiki, basi ni kilo 2. Gunia linakaa wiki kumi, na gharama yake halisi ni pauni 3 kwa wiki. Vitu vya namna hii (mchele, unga, maharage, mafuta ya lita tano) msivitwishe mwezi mmoja. Gawanyeni bei kwa wiki zitakazoliwa, na hela za gunia lijalo zianze kuwekwa pembeni mapema.

Halafu kuna wageni. Sijui wenzangu mnaishije, lakini kwetu Jumapili mtu anapiga hodi saa saba mchana, “nilikuwa napita tu”. Utamwambiaje arudi? Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila hapa jembe lenyewe utalitoa wapi. Tukaona bora tuwahesabu: pauni 15 kwa mwezi. Sabuni na karatasi za chooni zikapata 10, maana nazo zilikuwa zinatoka kwenye kopo hilo hilo bila mtu kuzitaja. Jumla 350, na tulipofikia 117 kila mmoja, hakuna aliyebisha kwa sababu risiti zilikuwa mezani.

Dukani kwenyewe nina machache. Chini ya bei kubwa rafuni kuna maandishi madogo ya bei kwa kilo. Hayo ndiyo ya kusoma, kwani mara nyingine pakiti ya “ofa” ni ghali kuliko ya kawaida iliyo pembeni yake. Angalieni pia kama lebo moja inasema kwa kilo na nyingine kwa gramu 100. Jioni supamaketi hubandika vibandiko vya njano kwenye nyama inayokaribia tarehe. Ukiigandisha kwenye friza kabla ya tarehe kupita, haina tatizo. Penye “use by” usicheze, hiyo ni usalama wa tumbo lako. “Best before” ni ubora tu: biskuti zilizopitiliza wiki moja hazijamuua mtu. Na chakula kingi cha kupika nyumbani hakitozwi VAT hapa Uingereza, lakini soda, krispi, chokoleti na chipsi za moto za kubeba zinalipiwa asilimia 20. Kwa mboga mimi huenda soko la Kirkgate.

Jambo moja ambalo bado tunabishana ni kugawana sawa. Mganda hufanya kazi jioni tatu na hula huko huko. Mwanzoni alilipa sawa nasi, akanung'unika, na alikuwa na haki. Sasa vyakula vikavu tunagawana sawa, nyama hulipwa na wanaokula. Na anayefunga Ramadhani msimpunguzie kwa kudhani anakula kidogo! Mwezi huo futari yetu ilipandisha matumizi.

Acheni pia kubadilisha kila pauni kuwa shilingi mkiwa rafuni. Nilifanya hivyo miezi miwili: narudi na mkate tu, kisha saa nne usiku njaa inanipeleka kwenye chipsi zenye bei ya kuku mzima.

Tarehe 31 Januari 2024 kopo lilibakiwa na pauni 6. Mkenya alitaka tununue kuku, Mganda akasema ziingie kwenye mafuta. Tulinunua mafuta, na Mkenya ndiye aliyeyabeba hadi nyumbani akilalamika njia nzima.