Simu Ni Yako, Lakini Ni Nani Mwingine Anaitumia?

Umenunua simu mpya. Umeingiza laini, umeweka bando asubuhi, na kabla ya saa sita bando imeisha. Hujatazama video wala kupakua chochote. Ukikagua vizuri, unapata apu za michezo, za habari, za "kusafisha simu", na hata duka la apu usilolijua. Wewe hukuziweka. Ukijaribu kuziondoa, simu inakataa.

Wateja wetu hutueleza jambo hili mara kwa mara, na mara nyingi huanza kama swali la pesa. Mbona kredo inaisha? Mbona apu ya malipo inachelewa kunijulisha? Mbona simu inanizuia kufanya ninachotaka na ni yangu? Leo tunajibu, kwa sababu simu hiyo hiyo ndiyo unayotumia kulipa karo, stima na mama mboga.

Zilifikaje humo?

Simu nyingi hapa Kenya zinatumia mfumo wa Android. Google hutoa mfumo wa msingi, kisha kampuni inayotengeneza simu huongeza vitu vyake juu. Kwa simu ya bei nafuu faida ni kidogo, kwa hivyo watengenezaji wengine hulipwa na wenye apu ili apu hizo ziwekwe kiwandani. Nyingine huwekwa ndani ya mfumo wenyewe, mahali ambapo mtumiaji hana ruhusa ya kufuta. Ndiyo maana hata ukifuta kila kitu na kurudisha simu ilivyotoka kiwandani, unazikuta tena palepale.

Nyingi ni kero tu: zinakula bando, betri na nafasi. Lakini kuna wakati kero inageuka wizi. Mwaka 2020, kampuni ya usalama ya Upstream pamoja na BuzzFeed News waliripoti kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kama Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilipatikana na programu hatari, Triada na xHelper. Zilifanya kazi kimyakimya, zikijaribu kumsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia ambazo hakuziomba. Upstream ilisema ilizuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka kwa simu zaidi ya 200,000. Transsion, kampuni inayomiliki Tecno, ilisema tatizo lilitokana na msambazaji fulani ambaye haikumtaja, na kwamba ilikuwa imetoa marekebisho. Kwa mwenye simu, yote hayo yalionekana kama kitu kimoja: kredo inayoyeyuka bila sababu.

Si kila kizuizi ni adui

Ukishachoka na simu inayokukatalia, ni rahisi kutaka kuvunja kila kufuli. Hapo ndipo tunakuomba upunguze mwendo kidogo.

Chukua mfano wa Android 13, iliyotoka 2022. Ukipakua apu kutoka kwenye linki uliyotumiwa badala ya duka rasmi, mfumo unaweza kuizuia isipewe ruhusa ya ufikivu. Ruhusa hiyo iliwekwa kusaidia watu wenye ulemavu, lakini apu ikiipata inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Mwizi akiwa nayo, anaweza kukuona ukifungua apu ya pesa. Kizuizi hicho kinaudhi, ndiyo, lakini kinakulinda.

Na sisi pia tumo kwenye orodha ya wanaozuia. Simu ikiwa imefunguliwa kufuli za mfumo ili mwenyewe aweze kufuta chochote, apu nyingi za malipo hukataa kufanya kazi. Sababu ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili yako unaweza kupitiwa na programu nyingine pia. Fundi wa Luthuli Avenue anaweza kukuwekea mfumo mpya kwa dakika chache, lakini wewe hutajua mfumo huo umetoka wapi na umebeba nini.

Kuna pia simu za kulipia pole pole. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa na Safaricom na Google mwaka 2020, ulianza na malipo ya KSh 20 kwa siku. Simu za mikopo ya aina hii huwa na programu inayoweza kuifunga simu malipo yakikatika, na huwezi kuiondoa kabla ya kumaliza deni. Uliza mapema, kabla ya kutia sahihi: simu itafungwa baada ya siku ngapi? Ikifungwa, nitaweza bado kupiga simu na kulipa? Nikimaliza deni, kufuli inatolewaje?

Na ikifungwa kweli, usibabaike. Pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyounganishwa na laini yako. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine unayoiamini, hata ile ya mulika mwizi, na utumie menyu ya laini kama kawaida.

Fanya hivi leo

1. Ingia Mipangilio, yaani setingi, kisha uangalie matumizi ya data. Apu inayokula bando na huitumii, izimie data ya chinichini.

2. Apu isiyokubali kuondolewa, tafuta kitufe cha kuizima. Haifutiki, lakini inaacha kufanya kazi. Usizime kitu usichokijua, na hasa usiguse ile programu ya menyu ya laini, maana unaweza kupoteza njia ya kutuma pesa.

3. Kagua ruhusa. Apu ya tochi haina haja ya kusoma SMS zako. Ruhusa za kuangalia kwa makini ni tatu: kusoma SMS, ufikivu, na kuonekana juu ya apu nyingine. Hiyo ya mwisho inaweza kutumiwa kuweka ukurasa bandia juu ya ule halisi ili uandike PIN.

4. Kama arifa za apu yako ya malipo huchelewa, huenda simu inaizima ili kuokoa betri. Kwenye setingi za betri, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Ukiwa muuzaji, usiachilie mzigo kwa sababu mteja amekuonyesha skrini yake. Hakikisha salio lako kwanza.

5. Kredo ikipungua bila maelezo, pigia mtandao wako na uulize laini yako imesajiliwa kwenye huduma gani za kulipia. Waambie wazitoe zote ambazo hukuomba. Usiposaidiwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

6. Simu ikiomba sasisho la usalama, likubali ukiwa na WiFi. Na unaponunua simu nyingine, usiulize kamera na betri peke yake. Uliza pia itapata masasisho kwa muda gani.

Hatuwezi kukuahidi kwamba utaifanya simu yako iwe safi kabisa. Kuna vitu vitabaki humo hadi watengenezaji waache kuviweka. Lakini unaweza kuamua ni nani anayesoma SMS zako, nani anayekula bando yako, na nani anayeona skrini yako unapoandika PIN.

Ukiona muamala usioutambua, tupigie mara moja kabla ya kufuta SMS au kurudisha simu kiwandani, kwa sababu ujumbe huo unatusaidia kufuatilia. Mhudumu wetu atakuuliza jina lako na muamala wenyewe. Hatakuuliza PIN. Akikuuliza, kata simu.