Ngoma ya Chuka na Picha Iliyoibwa

Mpiga picha aendaye Chuka, baina ya Meru na Embu, akaipiga picha ngoma yao mashuhuri na kuitia katika intaneti, hashangai keshoye kuikuta katika kalenda ya mtu mwingine. Afanyeje? Kuzuia kitufe cha kunakili hakumfai. Picha ikionekana, imekwisha ingia katika mashine ya mtazamaji. Na aweke ndogo, jina lake katikati (la pembeni hukatwa!), ile kubwa ya asili aifiche iwe shahidi wake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yampa haki hata bila ya kujiandikisha.

Na wenye ngoma je? Sheria ya 2016 ya kulinda sanaa za jadi yataka waombwe idhini kwanza. Wangapi wamewaomba?