Kufika Ushongo kwa gari: kivuko, matope na maji kujaa

Mtu anayepanga kwenda ufukwe wa Ushongo, wilayani Pangani, kwanza huuliza umbali. Umbali si tatizo. Kutoka Tanga hadi mji wa Pangani ni kama kilomita 50, na ukishavuka mto zinabaki kama 15 tu. Tatizo ni yale ambayo ramani ya simu haikuonyeshi.

Mpaka daraja jipya la mita 525 lifunguliwe, magari huvuka mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni. Abiria hushuka, dereva huingiza gari peke yake. Ulizia mapema safari ya mwisho ya jioni. Ukiikosa utalala mjini Pangani, jambo ambalo kwa kweli si adhabu.

Anayetoka Dar es Salaam kupitia Bagamoyo na Saadani havuki hapo. Yeye ajihadhari na udongo mweusi kwenye vipande visivyo na lami. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo huo hushika tairi kama gundi. Gari dogo lipitie Tanga.

Ukifika Ushongo, liache gari juu, penye minazi, ushuke kwa miguu. Tunalisisitiza hili kwa sababu maji yakipwa mchanga huonekana mpana na mgumu, na dereva hushawishika kuendesha juu yake. Ukisimama tu, magurudumu huanza kuzama. Bahari hupwa kwa takriban saa sita, kisha hujaa kwa muda kama huo, na kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hutoka mbali sana, kisha hurudi juu kuliko siku nyingine. Pale ulipoegesha asubuhi, mchana panaweza kuwa bahari.

Isitoshe, kasa hutaga kwenye fukwe za Pangani. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na juu huoni kitu. Tairi moja linatosha kuharibu kiota kizima.

Gari likishanasa, usizidi kukanyaga mafuta. Punguza upepo wa matairi, fukua mchanga mbele ya magurudumu, na waite wenyeji mapema. Wavuvi wanajua maji yatarudi saa ngapi.