Maji Machafu ya Viwanda vya Kahawa, na Jinsi ya Kuyatengeneza

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya maji. Si maji ya mvua wala ya kisima, bali ni maji yatokayo katika vile viwanda vya kumenyea kahawa vilivyojengwa kando ya mito, kama huko Kilimanjaro, Kiambu, Nyeri, na penginepo palimwapo kahawa ya mlimani. Mtu apitaye karibu na kiwanda wakati wa mavuno hana haja ya kuonyeshwa njia, pua humwongoza. Lakini harufu ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba maji yale hushuka mtoni, na mto una watu wengine upande wa chini, wenye mitungi na watoto na ng'ombe, ambao hawakuchuma hata punje moja ya kahawa ile.

Kwanza twapenda kueleza uchafu huo watoka wapi, maana wengi hudhani kuwa kahawa, kwa kuwa ni zao la shamba wala si sumu, haiwezi kuudhuru mto. Tunda bivu la kahawa lina ganda jekundu kwa nje. Chini yake mna nyama yenye sukari, kisha ute unaoteleza, kisha ganda gumu la ndani, na ndani kabisa punje mbili zilizokabiliana. Mkulima auza punje tu. Katika kilo 5 au 6 za matunda mabivu hupatikana kilo 1 hivi ya kahawa safi iliyo tayari kusafirishwa. Mengine yote ni maganda, ute na maji. Mashine hubambua ganda na nyama. Punje zenye ute hutiwa katika birika la saruji, zikavundikwa kwa muda wa saa 12 hata siku 2, kadiri ya baridi ya mahali, mpaka vijidudu visivyoonekana kwa macho viule ule ute nao ulegee. Ndipo huoshwa. Maji hutumika kuyachukua matunda mpaka mashineni, hutumika kuyasukuma maganda yatoke, na hutumika tena kuosha. Kiwanda kinachofuata desturi ya zamani, kinachopitisha maji mara moja tu na kuyamwaga, chaweza kutumia lita 20,000 kwa tani moja ya matunda, yaani yapata madebe 1,000.

Maji hayo hutoka yamejaa sukari na ute. Sasa na tuutazame mto wenyewe. Samaki hupumua kama sisi, ila yeye huipata hewa yake iliyoyeyuka ndani ya maji. Sehemu ile ya hewa ituwezeshayo kuishi huitwa oksijeni. Katika lita moja ya maji safi ya mto mna oksijeni milligramu 8 hivi tu, na milligramu moja ni sehemu moja katika 1,000 za gramu. Hiyo ndiyo akiba yote waliyo nayo samaki, konokono, na vijidudu vyote vya mtoni. Basi sukari ikimwagwa humo, vijidudu huifuata kama nzige waliofika katika shamba la mtama. Hula, huzaana, na kadiri vinavyokula ndivyo vinavyotumia oksijeni. Kwa hiyo wataalamu hupima uchafu wa maji kwa swali moja: je, vijidudu vitahitaji oksijeni kiasi gani kuula uchafu uliomo katika lita moja, kwa muda wa siku 5? Maji machafu ya majumbani huhitaji milligramu 200 mpaka 400 hivi. Maji ya kumenyea kahawa huhitaji elfu kadhaa, na pengine hupita 10,000.

Wanafunzi na watusaidie hesabu. Tuseme maji ya kiwanda yanahitaji milligramu 5,000 kwa lita, na mto una milligramu 8. Ukigawanya 5,000 kwa 8 utapata 625. Maana yake ni kwamba debe moja la maji ya kiwanda laweza kuimaliza oksijeni iliyomo katika madebe 625 ya maji ya mto. Ni kweli kwamba mto hujipatia oksijeni mpya kutoka hewani, hasa penye maporomoko ambapo maji hupigwapigwa juu ya mawe. Lakini kiwanda kikimwaga mchana kutwa, majuma hata miezi, mto hauwezi kuyafikia madai hayo.

Oksijeni ikiisha, samaki hufa au hukimbia. Kisha huja vijidudu vya aina nyingine visivyotaka hewa, navyo ndivyo vitoavyo ile harufu ya mayai yaliyooza. Sukari huchachuka kama pombe, kisha hugeuka kama siki, hata maji yakawa makali. Rangi ya maganda nayo hugeuka nyeusi, ikauzuia mwanga wa jua usiyafikie majani yaliyomo chini ya maji. Na huko Kilimanjaro pana taabu nyingine: kahawa huchumwa kuanzia Julai hata Desemba, na miezi ya kwanza ya mavuno hayo ni kiangazi, mito imepungua. Hivyo uchafu mwingi huingia katika maji machache. Maji ya miteremko ya kusini ya mlima ule hushuka hata bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaendelea na mto Pangani mpaka baharini. Kwa hiyo wa chini ni wengi kuliko tuwaonao tukisimama juu ya daraja. Wachagga wa zamani walilijua sana jambo hili la jirani wa chini. Mifereji waliyoichimba kuyaleta maji migombani ilikuwa na wazee wake na zamu zake, na mtu aliyeuharibu mfereji hakuachwa hivi hivi.

Serikali nazo zimeweka kipimo. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006, maji yanayomwagwa mtoni yasihitaji zaidi ya milligramu 30 za oksijeni kwa lita katika zile siku 5. Na Tanzania imeweka kiasi hicho hicho. Kutoka 5,000 kushuka mpaka 30 ni safari ndefu. Je, yawezekana? Yawezekana, iwapo kazi itaanza mahali panapostahili, nako si kule mwisho wa bomba, bali ndani ya kiwanda.

Yapasa kwanza kuyatumia maji machache. Twalitia mkazo jambo hili kwa sababu wengi huanza kwa kuchimba mabwawa makubwa ya kusafishia, wakaacha mferejini maji yanapita bure. Maji yaliyochukua matunda mpaka mashineni hayajaharibika. Yakichujwa kwa wavu na kupandishwa tena kwa pampu, yatachukua matunda mengine. Vile vile maji ya kuoshea. Maji ya mwosho wa mwisho ni karibu kuwa safi, basi yatumike katika mwosho wa kwanza wa kahawa nyingine. Na yakitoka hapo yaende mashineni kumenyea. Maji safi huingia upande mmoja tu, nao ni ule wa mwosho wa mwisho, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea penye uchafu zaidi. Kiwanda kifanyacho hivyo chaweza kuyapunguza maji yake mara nne au tano.

Lakini pana mpaka. Maji yakizungushwa siku baada ya siku huchacha, na punje hunyonya harufu yake; mwonjaji wa kahawa mnadani huitambua mara moja kikombeni, na bei huanguka. Kwa hiyo maji ya mzunguko hubadilishwa kila siku kazi imalizikapo, na birika husuguliwa. Msimamizi anayetaka kuokoa maji ya siku moja zaidi hupoteza fedha nyingi kuliko alizookoa.

Jambo la pili ni maganda. Maganda na nyama ni karibu sehemu 40 katika 100 za uzito wa tunda, na kwa desturi ya zamani husukumwa nje kwa maji. Hapo ndipo sukari iliyokuwa imetulia ndani ya ganda huyeyuka na kuingia majini. Tungependa kila kiwanda kiyatoe maganda yakiwa makavu, kwa parafujo la kuyasukuma, kwa toroli, hata kwa makarai ikiwa kiwanda ni kidogo. Yarundikwe chini ya paa, mvua isiyaoshe, yageuzwe mara kwa mara; baada ya miezi michache yatakuwa mbolea nyeusi yenye kurudisha shambani chumvi zile mbuni ulizozichota ardhini. Mkulima anayenunua mbolea ya gunia huku maganda yake yakielea mtoni, huyo analipa mara mbili.

Siku hizi ziko mashine zinazomenya na kuusugua ute papo hapo, zikatumia maji chini ya lita 1 kwa kilo ya matunda. Ni mashine njema. Ila tusidanganyike: maji yake ni machache lakini ni mazito mno, wala hayafai kumwagwa ovyo kwa kisingizio cha uchache.

Sasa tuyafuate maji yaliyobaki, ambayo hayana kazi tena. Yapite kwanza katika chujio, kuyakamata maganda na punje zilizoponyoka. Kisha yaingie katika tangi na kuachwa. Hapo ule ukali wa kuchacha, ambao mtoni ni adui, hutufanyia kazi: ute huganda kama maziwa yaliyowekwa mtindi, ukaelea juu na kufanya utando mnene. Utando huo huondolewa kwa reki, ukapelekwa kwenye rundo la mbolea. Viwanda vingine huyaingiza maji katika mashimo ili ardhi iyanyonye. Lakini ute usipotolewa kwanza, huziba matundu madogo ya udongo, na shimo likawa ziwa la kunuka katika majuma machache. Wala shimo kama hilo lisichimbwe karibu na kisima.

Maji yaliyotolewa ute hutiwa chokaa au hupitishwa juu ya mawe ya chokaa, yapoe ukali wake. Baada ya hapo yaweza kukabidhiwa kwa vijidudu, kwa maana katika kazi hii yote vijidudu ndivyo wafanyakazi wenyewe. Sisi kazi yetu ni kuvifanyisha karamu yao ndani ya uzio wetu, wasiifanyie mtoni. Katika bwawa lenye kina kirefu, pasipo hewa, viko vijidudu vinavyoigeuza sukari kuwa gesi iwakayo moto. Bwawa likifunikwa, gesi hiyo hukusanywa ikapikia chakula au ikaendesha injini. Vijidudu hivyo havipendi ukali kabisa, ndiyo sababu ya chokaa. Kisha maji huingia katika bwawa la kina kifupi, lisilozidi kimo cha mtu, ambamo jua huotesha ukungu wa kijani, na ukungu huo mchana hutoa oksijeni. Mwisho yapite taratibu katikati ya matete au mafunjo. Mabwawa yazungushiwe boma, watoto wasitumbukie, na kingo zake zifyekwe majani, kwani mbu hupenda majani ya ukingoni. Maji yatokayo hapo yaweza kumwagilia shamba, hivyo mto usipate hata tone.

Penye miji mikubwa hapana nafasi ya mabwawa mapana. Huko hufuatwa njia iliyovumbuliwa Manchester, Uingereza, na mabwana wawili, Ardern na Lockett, waliotangaza kazi yao mwaka 1914. Wao walipuliza hewa ndani ya maji machafu, nayo matope yaliyotuama hawakuyatupa, bali waliyarudisha katika maji mengine machafu. Matope yale yalikuwa ni vijidudu vilivyozoea kazi. Kwa kuyarudisha na kupuliza hewa, kazi iliyokuwa ikichukua majuma ilikwisha kwa saa chache. Njia hiyo hula umeme mwingi, wala hatuwashauri watu wa vijijini waitamani.

Na si kahawa peke yake. Jani la mkonge likipondwa, katika sehemu 100 za uzito wake sehemu 4 hivi tu ndizo nyuzi. Mengine yalizoea kusukumwa na maji mpaka mabondeni na mitoni. Mwaka 2008, katika shamba la Hale mkoani Tanga, ulizinduliwa mtambo wa kuzigeuza taka hizo kuwa gesi ya kuendeshea mashine ya umeme.

Tumeulizwa mara nyingi: mtu wa kijijini, asiye na vyombo vya maabara, atajuaje kama bwawa la mwisho limefanya kazi? Achukue chupa nyeupe ya kioo, aioshe vizuri, aizamishe ndani ya maji ya bwawa la mwisho mpaka ijae kabisa, pasibaki nafasi ya hewa, kisha aizibe barabara. Aiweke mahali pa giza nyumbani kwa siku 5. Siku ya tano aifungue. Ikiwa maji hayakugeuka rangi wala hayanuki, uchafu uliosalia ni mdogo. Yakiwa yamekuwa meusi na kunuka mayai yaliyooza, basi oksijeni iliyokuwamo chupani iliisha kabla ya chakula cha vijidudu, na ndivyo itakavyokuwa mtoni. Chupa haiwezi kuonyesha ile milligramu 30 ya sheria, wala haifanyi maji yawe ya kunywa. Lakini mwenyekiti wa kiwanda na wazee wa upande wa chini wakiifungua pamoja, hapatakuwa na haja ya maneno mengi kabla ya kuamua kama lango la bwawa lifunguliwe au lingoje.