UZI: “Elimu ni bure” na ile shule ndogo ya kutwa kwenu

Kila msimu wa siasa utasikia haya mawili. Mmoja anashika maikrofoni: “Sekondari ni bure, mwalimu mkuu anayeitisha pesa ni mwizi!” Mwingine anajibu: “Bure gani, wazazi wanafinywa!” Wote wanapigiwa makofi. Mimi sina mgombea hapa. Nataka tupige hesabu na shule ya aina mnayoijua: ya umma, ya kutwa, mkondo mmoja, nje kidogo ya soko, wanafunzi 150.

1/ Sheria kwanza. Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kisheria, sekondari imo ndani ya “elimu ya msingi”. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu malipo mengine, Waziri akikubali baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Na kuna sharti: hakuna mtoto atakayenyimwa masomo kwa sababu hayo malipo yamekosekana.

2/ Pesa ya serikali inaitwa kapitesheni. Ilianza 2008 ikiwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kuanzia 2018 kiwango kikawa 22,244. Hutumwa kwa mihula mitatu: asilimia 50, 30, kisha 20. Shida ni kwamba mara nyingi huchelewa, na wakati mwingine hufika ikiwa pungufu.

3/ Sasa hesabu. Wanafunzi 150 mara 22,244 ni shilingi 3,336,600, tena kama yote imekuja. Shule ya wanafunzi 1,500 inapata mara kumi ya hiyo. Lakini shule zote mbili zinahitaji mlinzi wa usiku, karani, maabara, stima na maji. Mlinzi halipwi kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi! Hapo ndipo shule ndogo inaumia, hata kama hakuna mtu ameiba shilingi.

4/ Walimu je? Anayeajiri ni TSC, si mbunge wala gavana. Mwalimu wa sekondari kwa kawaida husomea masomo mawili. Shule ya mkondo mmoja bado inahitaji Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Bayolojia, Fizikia, Kemia, Historia, Jiografia na mengineyo. TSC isipoleta wa kutosha, bodi ya shule inaajiri wake, wale tunaowaita walimu wa BOM. Na mshahara wao mara nyingi unatoka mfukoni mwa mzazi. Ongeza chakula cha mchana, maana kapitesheni hainunui githeri. Ndiyo sababu utaambiwa elimu ni bure na bado upewe karatasi ya malipo.

5/ Halafu kuna mabadiliko ya mtaala. Mwaka wa 2025 hakukuwa na Kidato cha 1, kwa sababu kundi la kwanza la mtaala mpya lilikuwa Gredi ya 9. Madarasa manne yakawa matatu. Pesa huja kwa kichwa, kwa hivyo ikapungua. Mlinzi bado ni yuleyule, stima ni ileile. Gredi ya 10 iliingia 2026, lakini sekondari ya juu ni ya miaka mitatu, kwa hivyo hilo darasa la nne halirudi.

6/ “Si hizi shule ndogo ziunganishwe?” Swali halali. Shule kubwa ina walimu zaidi na masomo zaidi ya kuchagua. Lakini mtoto anayetembea kilomita tatu leo, kesho atatembea nane? Boda ya kila siku ni ya nani? Ukisema bweni, karo rasmi ya mzazi ni zaidi ya shilingi 40,000 kwa mwaka. Kuna nyumba ambazo hapo ndipo masomo yanaisha, na mara nyingi binti ndiye anabaki nyumbani.

7/ Nani anaahidi kazi isiyo yake? Kwa mujibu wa Katiba, kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ni ya serikali kuu. MCA akiahidi kuleta walimu wa sekondari, muulize atawatoa wapi. Mbunge anaweza kujenga darasa na kutoa basari kupitia NG-CDF. Sawa, lakini basari inamsaidia mtoto mmoja. Haimlipi mwalimu wa Fizikia, na darasa jipya bila mwalimu ni ukuta na mabati tu.

8/ Maoni yangu: kila shule ipate kwanza kiasi fulani cha kuiendesha, hata ikiwa na wanafunzi 80, halafu kapitesheni iongezwe juu kwa idadi. Unaweza kunipinga, lakini tupingane kwa hesabu.

9/ Akija kwenu kuomba kura, muulize haya manne:
– Kapitesheni ya muhula huu imefika? Shilingi ngapi kwa kila mwanafunzi?
– Shule yetu ina walimu wangapi wa TSC, na wangapi wa BOM?
– Ukiunganisha shule, watoto wa hapa watafikaje huko?
– Nani anahakikisha mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya pesa ya chakula?

Akijibu “elimu ni bure” tu, rudia swali la kwanza.