Kulowesha Chakula cha Mbwa Hakuondoi Sumukuvu

Chakula kikavu cha mbwa huweza kuliwa kilivyo au kikiwa kimeloweshwa. Kukilowesha kwa maji safi ya uvuguvugu huwafaa watoto wa mbwa wanaoachishwa kunyonya, pamoja na mbwa wazee wenye meno mabovu. Kilicholoweshwa kiliwe mara moja na mabaki yatupwe, kwa kuwa bakteria huzaliana upesi penye unyevu na joto.

Hata hivyo, kulowesha si kutakasa. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo baadhi ya kaya huwapa mbwa badala ya kuyatupa, huenda yakawa na sumukuvu. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuloweka wala kupika, nayo hudhuru ini la mbwa kama inavyodhuru la binadamu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mbwa akikataa chakula, akitapika na macho yake kuwa ya manjano, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Mhudumu wa afya apatapo habari hiyo, aulize iwapo familia nayo inakula mahindi ya ghala lilelile.